Asiyetajwa na Asiyeulizwa

Makumbusho huwaandikia wachongaji wetu neno moja: hajulikani. Neno hilo linaficha hali mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza iko kwa Walega wa Pangi, mashariki ya Kindu, nchini Kongo. Katika Bwami, chama chao cha madaraja, kinyago kiitwacho lukwakongo au sanamu ya pembe ya ndovu ilikuwa somo. Ilitolewa siku ya kufundwa, ikachezewa ngoma, ikafunuliwa kwa methali. Mwenyewe akifa, ilipita kwa ndugu aliyeshika daraja hilo. Ilipakwa mafuta na kusuguliwa mpaka alama za kisu zikalainika. Jina lililobebwa ni la walioitunza. La mchongaji liliachwa. Naliheshimu chaguo hilo, ingawa naamini majirani walimjua vizuri: anayetaka kuagiza sanamu hana budi kujua abishe mlango wa nani.

Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji ukapiga marufuku Bwami. Sanamu nyingi zilikwenda Ulaya bila methali zake, na huko ndiko ilikoanza hali ya pili. Jina likakosekana kwa sababu nyingine kabisa: wanunuzi hawakuuliza.

Wala si kwamba hawakuwa na njia ya kumtafuta fundi. Mwaka 1911 Mwingereza John Beazley aliainisha pamoja vyungu vya Athens ya kale vilivyochorwa na mkono mmoja, akiufuata kwa jinsi ulivyochora sikio au kifundo cha mguu. Akamwita mtu huyo Mchoraji wa Berlin, kwa kuwa chungu chake bora kilihifadhiwa katika mji huo. Mgiriki yule alikufa yapata miaka 2,500 iliyopita. Hakuna wa kuulizwa.

Frans Olbrechts wa Ubelgiji alitumia jicho kama hilo kwa sanamu za Kongo. Akatambua vigoda vya Kiluba vilivyochongwa watu wenye nyuso ndefu, zenye huzuni, akavipa jina la Buli, kijiji cha upande wa juu wa Lualaba hii hii inayopita Kindu. Lakini fundi wa Buli ni wa karne ya 19. Watu wa kule walipokuja kuulizwa, miongo mingi baadaye, jina lilitajwa: Ngongo ya Chintu. Wataalamu wanaweza kulijadili. Kinachonichoma mimi ni kwamba lilikuwepo midomoni mwa watu muda wote huo.

Na jina la mchongaji wa Kilega likipatikana kesho? Kuliandika au kulinyamazia ni haki ya wazee wa Bwami wa Pangi, na wao ndio wa kuulizwa kwanza.