Na Anayeshika Kamera, Amekula?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, huku Igombe, na jioni moja nikaingia kwenye kibanda umiza kusubiri mechi. Kwa wasiojua, kibanda umiza ni banda la turubai lenye mabenchi na televisheni moja, unalipa shilingi mia tatu, unabanwa mbavu mpaka dakika ya tisini. Jina lake linajieleza. Mechi ilikuwa bado saa nzima, basi mwenye banda akachomeka flashi na kutuwekea Man vs. Wild, kile kipindi cha Bear Grylls, yule Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi, anayeshushwa porini halafu anatafuta njia ya kutoka akiwa hai.

Mnajua jinsi banda linavyokuwa. Jamaa alipoteleza kwenye mwamba, banda zima likapiga kelele. Alipochemsha maji ya tope, watu wakaguna. Alipotafuna mdudu mnene huku amekunja uso kama anakunywa kwinini, kijana mmoja wa Kihaya alisimama akalalamika, "Sasa huyu analia nini? Kwetu senene tunakaanga na kitunguu, wageni wanagombania!" Tukacheka mpaka benchi moja likaanguka. Mwingine akasema hiyo ni njaa ya kujitakia, kuna watu hapa Igombe wamelala bila kula na hakuna aliyekuja kuwapiga picha. Hapo kicheko kilipungua kidogo.

Mlangoni alikuwepo mama lishe mmoja anayeuza samaki wa kukaanga na chapati. Yeye huwa haangalii sana, anasubiri wateja. Ila siku ile alichungulia kwa muda, akaniita: "Frateri, hebu niambie. Huyo anayeshika kamera, yeye amekula?"

Nilicheka. Nikamwambia ndiyo mama, bila shaka amekula, wapo wengi na wana vyakula vyao. Akauliza tena, "Sasa mbona hampi?" Nikaanza kumweleza kwamba ndivyo kipindi kilivyo, kwamba jamaa amekubali mwenyewe na analipwa. Akanisikiliza kwa heshima, akageukia kikaango chake. Sikuona kama nimemridhisha. Kusema kweli na mimi sikuridhika, na ndiyo maana naandika.

Jioni ileile niliwaambia vijana jambo ambalo wengi hawakuwa wamelisikia. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba Bear Grylls, katika baadhi ya vipindi vile, usiku alikuwa akilala hotelini. Kule Uingereza watazamaji walikasirika, Channel 4 iliyokuwa ikirusha kipindi ikalazimika kuchunguza, na baadaye vipindi vikawekewa maelezo kwamba timu humpa msaada inapobidi. Nilidhani vijana wetu watacheka. Wapi! Walikasirika kama wale Waingereza. "Ametutapeli!" "Kumbe hakuteseka!" Mmoja akadai shilingi mia tatu zake zirudishwe.

Hilo neno, "kumbe hakuteseka", lilinifuata mpaka kitandani. Tujiulize kwa utulivu. Mtu ambaye hajatukosea kitu amelala pazuri, amekula, hakuumwa na mbu. Kwa Mkristo hiyo si habari njema? Mbona tulikasirika?

Jibu la kwanza: sisi tunaangalia ili tujifunze. Sikatai. Aristotle aliliona hili zamani sana: vitu vinavyotuumiza tukiviona vyenyewe, vikiwa kwenye picha tunafurahia kuvitazama, kwa sababu kujifunza kunampendeza kila binadamu. Lakini kama ni kujifunza kuwasha moto kwa vijiti, moto ni uleule, awe amelala pangoni au kwenye godoro. Hoteli haiharibu somo. Kwa hiyo kilichotuuma hakikuwa somo.

Jibu la pili ni zito zaidi, na alinipa kijana mmoja mchuuzi wa samaki ambaye shule aliiacha darasa la saba. "Frateri, ukiuziwa sato kumbe ni sangara, hata wewe utakasirika." Yaani hasira ni ya kudanganywa. Sinema ya kivita hatumlaumu mwigizaji kwa kulala hotelini, maana hakutuahidi kitu. Huyu aliahidi ukweli. Nilimkubalia, uongo ni uongo. Ila hoja yake ukiifuata mpaka mwisho inageuka: tuseme tuliuziwa sangara, je, sato tuliyemtaka alikuwa nani? Tuliyelipia alikuwa mtu wa kweli mwenye njaa ya kweli, aliyetetemeka kwa baridi ya kweli. Maumivu ya mtu ndiyo yaliyokuwa bidhaa. Mchuuzi wangu aliwaza kidogo akasema, "Ukiweka hivyo inakuwa mbaya." Kisha mechi ikaanza.

Mtakatifu Augustino anatusimulia katika Maungamo, kitabu cha sita, habari za rafiki yake Alipio. Alikuwa Mwafrika mwenzake, kutoka mji uleule wa Tagaste, ambao leo uko Algeria. Alipio aliichukia michezo ya wapiganaji waliouana uwanjani. Akiwa Roma kusoma sheria, rafiki zake wakamburuta mpaka uwanjani. Akawaambia mwili wangu mtaukalisha hapa, lakini macho na roho hamtavipata. Akafumba macho. Masikini, hakuziba masikio. Mpiganaji mmoja alipoanguka uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, naye akafumbua macho aone kuna nini. Augustino anasema alijeruhiwa rohoni vibaya kuliko yule aliyejeruhiwa mwilini. Tangu hapo akawa anarudi mwenyewe, tena akiwavuta wengine.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba si damu iliyomwangusha Alipio. Ni kelele za wenzake. Peke yake asingefumbua macho. Nadhani na sisi tukiangalia kitu tukiwa thelathini bandani, au mia mbili kwenye kundi la WhatsApp, kuna jicho linafumbuka ambalo kila mmoja peke yake angelifumba.

Mtaniambia Bear Grylls si mpiganaji wa Roma. Hauawi, amekubali, analipwa vizuri. Ni kweli, na sisemi kumtazama ni dhambi. Mwaka 2013 Wamarekani walianzisha kipindi kingine, Naked and Afraid, mwanamume na mwanamke wanakaa porini siku 21 bila nguo, na mojawapo ya vipindi vya mwanzo walikipigia hapahapa Tanzania. Hao nao walikubali. (Kuhusu hizo nguo, muulizeni paroko wenu.) Shida yangu ni kile kiti tunachokalia sisi. Vipindi hivi vinatuzoesha kwamba ipo sehemu mtu anaweza kusimama, karibu kabisa na mwenye njaa, na njaa ile isimhusu. Ndani ya mchezo sehemu hiyo ipo kweli, ni kanuni, na daktari yuko jirani. Mama lishe hakuikubali hata ndani ya mchezo. Yeye kazi yake ni kulisha watu, basi alipoona mwenye njaa akatafuta sahani iko wapi.

Na sisi wa Mwanza tulishawahi kukaa upande wa pili wa kioo. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa mjini kuhusu sangara, ndege za mizigo, watoto wa mitaani na mapanki. Ilipata tuzo Ulaya, ikafika mpaka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Watu wa Paris walikaa kwenye viti vizuri wakatuona tukianika vichwa vya samaki vyenye funza, wakahuzunika, baadhi wakagoma kununua sangara. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na hapa Mwanza watu waliandamana. Sitaki kuamua leo ni kiasi gani ilikuwa ya kweli. Wazee wangu hawajakubaliana hadi leo. Ila waulizeni walioonekana mle, au jirani zao, kilichowauma. Wengi hawatakwambia ni umaskini kuonekana. Watakwambia: walituangalia, wakaondoka.

Sasa nifike kwenye langu, maana nimezunguka makusudi.

Kabla ya kuingia seminari kuu, nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo. Mchana mmoja ulikuja upepo wa ghafla, ule unaobadilisha ziwa ndani ya dakika tano. Mtumbwi wa watu wawili ukapinduka, si mbali, ungeweza kuwasikia. Nilikuwa juu ya jiwe kubwa lililo karibu na mwalo. Baba yangu mdogo alikuwa chini, tayari anasukuma mtumbwi na jirani, akaniita: "We! Shuka, kamata kafi!" Nilimsikia. Nilikuwa nimeshatoa simu, na mkono ulikuwa umeshatulia, picha ilikuwa nzuri. Nikajiambia nitashuka nikishapata hii.

Wakaenda wawili badala ya watatu. Mungu ni mwema, wote wawili waliokolewa. Mimi nilibaki na video ya dakika tatu.

Mshairi Mroma, Lucretius, aliandika kwamba ni tamu kusimama nchi kavu ukimtazama mwingine akihangaika na mawimbi. Si kwamba unafurahia mateso yake, ila unafurahia kwamba wewe huko nje yake. Tulipolisoma hilo darasani, wenzangu kutoka mikoa isiyo na maji walilijadili kama fumbo. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimesimama kwenye jiwe lile.

Nikaituma kwenye kundi. Katika video, mmoja wa wale wawili, mtu mzima mwenye watoto, anasikika akilia "Mayu! Mayu!", yaani anamwita mama yake kwa Kisukuma. Watu wakatuma vikatuni vya kucheka. Wiki ile watoto wa mwaloni wakawa wanamwigiza. Hadi leo wapo wanaomwita Mayu, na wengine hawajui jina lilitoka wapi. Mimi najua.

Nimejitetea mara nyingi. Kwamba singebadilisha kitu, maana waliokolewa. Kwamba picha nazo husaidia: ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, picha za simu zilizopigwa ufukweni ndizo zilizoifikishia nchi habari mapema. Ni kweli. Lakini siku ileile, ziwa lilelile, wavuvi ndio waliotangulia kwa mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walipona. Na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220, wavuvi ndio waliotangulia vilevile. Usiku ule mimi nilipokea picha za marehemu kutoka makundi manne tofauti. Nyingine ziliandikwa chini yake "R.I.P". Sijui aliyezituma alikuwa amesimama wapi.

Mtakatifu Luka anasema pale Kalvari watu walisimama wakitazama (Lk 23:35). Hasemi walimpiga. Walitazama tu. Lakini aya chache mbele anataja wanawake waliofuatana naye kutoka Galilaya, nao wamesimama kwa mbali, nao wanatazama. Kwa macho ya nje ni kitendo kilekile. Hawana uwezo wa kumshusha msalabani, kama mimi nisivyokuwa na uwezo wa kutuliza ziwa. Tofauti inaonekana baadaye: wale wa kwanza wakarudi nyumbani, hawa wakafuata mpaka kuona kaburi liko wapi, wakaandaa manukato. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetazama si tu kama angeweza kusaidia. Ni alikwenda wapi baada ya kutazama.

Pia nawaza jangwa la Yesu, zile siku arobaini. Kule hapakuwa na mtazamaji. Shetani ndiye aliyependekeza wawepo: jitupe kutoka kinara cha Hekalu, katikati ya mji, malaika wakudake. Lingekuwa onyesho kubwa. Yesu alikataa. Njaa yake tunaijua, nadhani, kwa sababu mwenyewe aliwasimulia wanafunzi, na msimulizi anachagua anayemsimulia. Yule baba wa ziwani hakuchagua. Nilimchagulia mimi, watu zaidi ya mia mbili.

Niliungama kitambo. Padre alinipa kitubio, kisha akaniuliza kama mtu mwenyewe nimeshamwona. Nikasema bado. Ikapita miaka miwili.

Basi kesho yake baada ya ile mechi nilikwenda. Nilimkuta chini ya mwembe anaziba nyavu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea ndoo nikae. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Baba, ile video ni mimi niliyepiga."

Hakuinua macho. Akasema, "Najua. Ulikuwa juu ya jiwe. Nilikuona."

Nilimwomba msamaha. Hakujibu haraka. Akanipa upande mmoja wa wavu nishike, akaendelea kuziba.