Umeulizwa Unapenda Nini

Majaribio ya haiba ya mtandaoni huuliza unachopenda, kisha hukujibu ulivyo. Kati ya mawili hayo pana pengo, na mdogo wangu amesimama humo. Yuko nyumbani, Issuna, amemaliza kidato cha sita, na ameamua kwamba ualimu haumfai kwa sababu simu imempa herufi nne: INTP, mtu wa kujitenga.

Herufi hizo zina ukoo. Mwaka 1921 Carl Jung alichapisha kitabu chake kuhusu aina za haiba. Huko Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Isabel Briggs Myers na mama yake, Katharine Briggs, wakaligeuza wazo lake kuwa dodoso. Dodoso hupima upendeleo, si uwezo. Mimi napenda kulala mpaka jua litoke, lakini wakati wa palizi ya alizeti naamka saa kumi na moja. Tena linakata katikati: wawili waliopishana kidogo tu, mmoja huku na mwingine kule, hupewa herufi tofauti.

Mwenzangu wa darasa la uzamili huuita unajimu mpya, nyota za Sheikh Yahya Hussein zilizohamia kwenye simu. Ana hoja. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo yaleyale, aliyoyaokota kwenye kitabu cha unajimu, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Kwa wastani waliyapa alama zaidi ya 4 kati ya 5.

Lakini nyota inataka tarehe ya kuzaliwa tu. Jaribio linakuuliza wewe, swali baada ya swali, bila kukukatiza. Kwetu kijana haulizwi anapenda nini. Anaambiwa mbuzi wameingia shamba la watu. Ndiyo maana siwezi kumcheka.

Mama ana ushahidi wake: jioni watoto wa jirani huja kufundishwa hesabu, na mwalimu ndiye asiyetaka waondoke. Mdogo wangu anamjibu kwamba kuweza jambo si kulipenda. Kweli, na hilo hakulitoa kwenye simu. Ila simu haikumuuliza habari za watoto hao. Ilimuuliza kuhusu sherehe na wageni, akajibu kama mtu anayetamani kuwa, na jibu lake likamrudia limevaa koti la mtaalamu.

Jana nilimuuliza anataka kusomea nini, herufi tuziweke kando. Alinyamaza kitambo.

“Dada,” akasema, “mbona mnauliza leo?”