Khutba ya Ijumaa: Tuhuma ya Kubaka na Ushahidi Wake



Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Wail bin Hujr kisa cha mwanamke aliyetoka kwenda kusali zama za Mtume (S.A.W.). Njiani mwanamume akamvamia, akambaka, akakimbia. Mama yule akapiga kelele. Akapita mtu mwingine, mama akasema: ni huyu. Watu wakamkamata wakampeleka kwa Mtume. Hukumu ilipokwisha kutolewa, mbakaji mwenyewe akasimama akakiri.

Tazameni alivyotendewa yule mama. Hakudaiwa mashahidi wanne, hakuchapwa viboko 80 vya msingiziaji. Aliambiwa aende zake, Mungu amemsamehe. Na aliyekamatwa bure akaambiwa maneno mema. Mama hakusema uongo. Alidhulumiwa kweli, akamkosea mtu. Basi kesi ikianguka mahakamani, msikimbilie kumwita binti wa watu mwongo.

Waongo wapo. Mke wa Azizi alimsingizia Nabii Yusuf; ikatazamwa kanzu, ikaonekana imechanika nyuma. Ukweli ukajulikana, na bado Yusuf akafungwa! Hasama ya kiwanja isigeuzwe kesi ya kubaka, wala mtoto asifundishwe la kusema. Mahakama za Tanzania zaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyebakwa peke yake, hakimu akiridhika kuwa ni kweli, na mkosaji akiwa mtu mzima kifungo hakipungui miaka 30. Neno hilo ni amana nzito.

Binti akija analia, msimwogeshe, nguo msizifue. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki hufungia unyevu, ushahidi ukaharibika. Afike hospitali siku hiyo hiyo, zisipite saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ni PF3. Wazee, acheni kuyamaliza mambo haya barazani kwa pesa: mkosaji huponea hapo, na asiye na kosa hubaki na doa lisilofutwa na hakimu yeyote.

Mtuhumiwa asipigwe. Mwenye picha yake simuni aifute leo, na aliowatumia awaambie wasiisambaze.