Sindano Isiyo na Dawa

"Sasa hii sindano ina dawa gani ndani?" Shangazi aliuliza akiwa amelala kwenye kitanda chembamba, kliniki moja hapa Moshi mjini. Alikuwa ameshuka na daladala kutoka Marangu kwa ajili ya goti.

"Haina dawa, mama. Ni sindano tu."

Shangazi akanitazama kama mtu anayeibiwa huku anaona. Namwelewa. Kwetu sindano ni njia ya kupitishia dawa. Hata chale hupakwa dawa.

Lakini alitulia. Aliulizwa habari za usingizi na choo, akatoa ulimi, akapimwa mapigo mikono yote miwili. Kisha zikaingia sindano nyembamba kama unywele, mpya, zilizofunguliwa mbele yake. Aliambiwa atasikia uzito au ganzi, na kweli alisikia. Baada ya dakika ishirini zikatolewa. "Angalau," alisema akikanyaga ngazi.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Mwaka 2007 Wajerumani walichapisha utafiti wa watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo. Kundi la kwanza walichomwa sindano kwenye sehemu zinazofundishwa na Wachina. La pili walichomwa juujuu tu, mahali pasipohusika. La tatu walipata tiba ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 48, 44 na 27. Yaani sindano iliwasaidia watu, lakini mahali ilipochomwa hapakuleta tofauti kubwa.

Je, Shangazi aambiwe? Wengine watasema nyamaza, nafuu ni nafuu. Nami karibu nikubali. Ila nakumbuka Loliondo, 2011, foleni za magari kuelekea kwa Babu, kikombe shilingi 500. Matumaini yale hayanisumbui. Kinachonisumbua ni wale walioacha dawa za kufubaza VVU kwa sababu walihakikishiwa zaidi ya kilichojulikana. Kiswahili kiliona mbali: kupiga chuku ni kumuumika mgonjwa kwa pembe, na pia ni kutia maneno chumvi. Tiba na chumvi hukaa jirani.

Mtabibu yule hakupiga chuku. Alisema haina dawa, na goti likapata nafuu hivyo hivyo. Kwa hiyo ukweli hauui nafuu, kama tunavyoogopa. Aliyenyamaza ni mimi.

Kwenye daladala ya kurudi, Shangazi aliniuliza, "We umesoma, mwanangu. Hiki kitu ni cha kweli?" Nikamjibu, "Goti lenyewe linasemaje?" Akacheka, tukaachana na habari hiyo. Lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa la kukwepa.

Alhamisi anarudi, na hela ya kulipia ni ya ndizi zake mwenyewe. Hilo ndilo linaloniamulia. Anayelipa ana haki ya kujua ananunua nini. Nitamwambia kabla hajatoa pesa: inawasaidia wengi, sababu haieleweki vizuri, na dawa zako za presha usiache. Kisha achague mwenyewe. Nadhani ataenda tu.