Kosa Lisilo na Shahidi

Programu yangu ya madeni ya wauzaji wa soko kuu la Bunia ilikuwa ikizimika, na hakuna aliyelalamika. Mama mmoja wa mtaa wa Mudzipela alidhani vidole vyake ndivyo vibaya. Nilipoweka Sentry, chombo cha kunasa makosa ya programu, kila anguko likaandikwa: saa, aina ya simu, mstari uliokwama. Mtandao ukikatika, taarifa husubiri ndani ya simu.

Mtunzi wa Zaburi ya 19 alijua kwamba mtu hayaoni makosa yake yote. Lakini yale ya programu yangu mimi ningeweza kuyaona. Kwa hiyo kutojua kwangu nako kulikuwa dhambi.

Kisha nikakuta majina ya wadaiwa katika taarifa hizo. Hapa Ituri, mkoa wetu wa mashariki mwa Kongo, mara nyingi jina hutaja kabila, na watu wameuawa kwa kabila lao. Nimeyafuta majina hayo. Nawe mwandishi wa programu, yafute kabla hayajatumwa.