Kuficha kosa la mkunga ni kumstiri?

Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa kumpa hewa mtoto asiyepumua kwa kutumia mwanasesere. Utafiti wa mwaka 2013 ulionesha kuwa mafunzo ya siku moja hayakubadili utendaji wao kazini. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Katika mafunzo ya aina hii, baada ya zoezi watu hukaa wakaelezana: nani alichelewa, wapi hewa ilivuja. Wapo wanaosema huko ni kumuaibisha mtu, ilhali tumeamrishwa kustiriana.

Sikubaliani nao. Sitara ni kwa aibu ya mtu na Mola wake, si kwa kosa litakaloua mtoto wa mwenzake kesho. Mtume (s.a.w.) alimrudisha mara tatu mtu aliyeswali bila utulivu, hadi mwenyewe akaomba afundishwe, naye akamfundisha. Hakumfichia kosa, wala hakumdhalilisha.

Basi tuambiane mbele ya mwanasesere, tusije tukaambiana mbele ya sanda.

Wallahu a'lam.