Kaimu na Deni Lake



Juma hili nakabidhi funguo na madaftari ya ofisi ya elimu ya kata yetu, niliyoikaimu kwa muda wa miaka miwili. Mwenye kuaga yampasa kushukuru, nami nawashukuru kwa moyo wote walimu, wazazi na wazee wa kamati za shule. Lakini shukrani tupu haitoshi. Napenda kuweka mbele yenu swali moja lililonisumbua tangu siku ya kwanza, maana si langu peke yangu: mtu aliyepewa cheo kwa muda tu, anadaiwa nini na kazi yake?

Wengi hujibu kwamba kaimu ni mlinzi. Kazi yake ni kuangalia kwamba mwenyewe atakapofika akute kila kitu mahali pake. Jibu hilo lina busara yake, maana kaimu anayegeuza kila jambo ili jina lake likumbukwe huwaachia wengine taabu. Hata hivyo, jibu hilo lilinifaa mno, na jibu linalomfaa mtu mno halina budi kuchunguzwa.

Katika shule zetu nilikuta desturi moja. Mwalimu hodari kuliko wote hupewa darasa la mtihani wa mwisho. Darasa la kwanza hupewa aliyefika jana, au aliyechoka, au yule ambaye mwalimu mkuu hajui ampeleke wapi. Sababu yaeleweka: matokeo ya mtihani hutazamwa na wilaya nzima, bali mtoto wa darasa la kwanza asiyejua kusoma haonekani na mtu, ameketi nyuma ya chumba na kunyamaza. Kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Mimi nilikuta zaidi ya mia moja mbele ya mwalimu mmoja.

Ubaya huo niliuona katika mwezi wa kwanza, nikanyamaza mwaka mzima. Nilijiambia: mimi ni kaimu tu. Nikimhamisha mwalimu hodari, matokeo yatashuka wakati wangu, na faida itaonekana baada ya miaka mingi, wakati wa mwingine. Basi watoto wale wakamaliza mwaka wao, wakapanda darasa la pili bila kujua kusoma.

Wala siwezi kusema kwamba sikujua. Nchi yetu imekwisha kujifunza somo hili kwa gharama. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, iliamuliwa kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Na kwa kuwa walimu walikuwa wachache, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Mwaka 2002 ulianza mpango wa MMEM, na ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa. Mwaka 2016 ikaondolewa ya sekondari hadi kidato cha nne. Kila mara mlango ulipanuliwa, na ilikuwa haki upanuliwe. Lakini kupita mlangoni si kusoma. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza kutolewa 2010, ulionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Ndiyo maana mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ulielekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala waweza kubadilishwa mjini; lakini nani asimame mbele ya watoto, hilo huamuliwa hapa kwetu.

Mwezi wa Januari mwaka huu nilizungumza na walimu wakuu, na mmoja wao akakubali. Mwalimu wa kike aliyesifiwa kwa darasa la mtihani alipelekwa darasa la kwanza. Wazazi walikuja wamekasirika. Mzee mmoja aliniuliza, “Mwalimu, wewe waondoka kesho. Mwanangu akianguka, nitamdai nani?” Swali lake lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba mjukuu wake yumo katika darasa la kwanza lile, naye pia ni wake. Hakuridhika, wala simlaumu. Matokeo ya mtihani bado hayajatoka. Yakishuka, lawama ni yangu, wala si ya mwalimu yule.

Juma lililopita niliingia katika darasa la kwanza. Niliandika sentensi ubaoni, na watoto wengi wakaisoma. Kisha nikaenda darasa la pili, nikaandika sentensi ile ile, nikamwita kijana mmoja. Akaitazama, halafu akainamisha macho akitazama miguu yake. Huyo ni wa mwaka wangu wa kunyamaza.

Basi jibu langu ni hili. Deni la cheo halipimwi kwa urefu wa muda. Mtoto hana mwaka wa kukaimu. Mwaka wake wa kujifunza kusoma ni mmoja, naye hawezi kumngojea mwenye ofisi. Kaimu asibomoe kwa kutafuta sifa. Lakini akiona mtoto anadhulumika, asijifiche nyuma ya neno “kaimu”. Na tukitazama vema, nani kati yetu si kaimu? Mwalimu mkuu atahamishwa, diwani atashindwa, mzazi atazeeka.

Namwomba atakayenifuata asimrudishe mwalimu yule mapema. Nanyi wazazi, mkienda shuleni msiulize tu ni wangapi waliofaulu; ombeni mtoto wa darasa la pili asome ukurasa mmoja mbele yenu, nanyi msikilize hadi mwisho.

Niliyoyatenda ni machache, tena niliyachelewesha. Kwaherini.